Jina na Namba: Jinsi Kompyuta Inavyomtambua Jirani Yake

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama, wachimbaji wadogo huliita shimo lao duara, na aghalabu duara hutajwa kwa jina la mwenye nalo. Mgeni anayelitafuta ana njia mbili: kuangalia orodha aliyoandikiwa kabla ya safari, au kumwuliza mtu anayejua. Orodha ni ya haraka, lakini huenda imepitwa na wakati. Mwenyeji huwa na habari mpya, lakini ni lazima apatikane. Kompyuta nazo zina njia hizo hizo mbili. Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, iko mbali sana na pwani zinakofikia nyaya za baharini. Kwa hiyo kujua ni njia ipi itumike, na lini, ni jambo lenye faida kubwa.

Orodha moja ya dunia nzima

Kompyuta zilizounganishwa hutambuana kwa namba. Anwani ya kawaida ina sehemu nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255. Kwa mfano, 192.168.10.5. Binadamu hukumbuka majina kwa urahisi zaidi kuliko namba, na ndiyo sababu pakahitajika njia ya kugeuza jina kuwa namba.

Katika mtandao wa ARPANET wa Marekani, kazi hiyo ilifanywa na orodha moja tu iliyoitwa HOSTS.TXT. Ilitunzwa katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, jimbo la California, na ofisi iliyoongozwa na Elizabeth Feinler. Kila kituo kilinakili orodha hiyo mara kwa mara. Kompyuta zilipoongezeka, orodha ikawa ndefu, kunakili kukawa mzigo, na nakala za vituo mbalimbali zikaanza kupishana. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alieleza mfumo mpya wa majina ya vikoa, yaani DNS. Katika mfumo huo majina hupangwa kama mti, na kila tawi hutunzwa na wahusika wake. Majina yanayoishia na .tz, kwa mfano, ni tawi la Tanzania.

Hata hivyo orodha ya zamani haikufa. Katika seva za Unix, mfumo ulioanza mwaka 1969 katika maabara za Bell, na katika jamaa zake kama Linux, imebaki katika faili liitwalo /etc/hosts.

Mfano wa shule

Ichukuliwe shule ya sekondari karibu na Bulyanhulu yenye seva mbili: moja ya vitabu vya maktaba na nyingine ya mazoezi ya maabara. Faili lake laweza kuwa hivi:

127.0.0.1 localhost
192.168.10.5 maktaba.shule.internal maktaba
192.168.10.6 maabara.shule.internal maabara

Kila mstari huanza na namba, kisha hufuata jina kamili, na mwishoni jina la mkato. Mstari wa kwanza ni njia ya mashine kujiita yenyewe. Neno internal halikuteuliwa ovyo: mwaka 2024 shirika la ICANN, linaloratibu majina ya mtandao duniani, lililitenga kwa matumizi ya ndani, ili lisije likagongana na jina la nje.

Faili la pili, /etc/nsswitch.conf, hueleza ni wapi pa kuuliza kwanza. Mstari usemao "hosts: files dns" una maana kwamba mashine itazame kwanza orodha yake, na ikikosa jina ndipo iulize DNS. Faili la tatu, /etc/resolv.conf, hutaja namba ya seva ya DNS itakayoulizwa.

Waya ukikatika

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopata taabu kubwa ya mtandao. Siku kama hiyo, shule isiyo na orodha ya ndani, inayotegemea seva ya majina iliyo ng'ambo, hupata hasara ya ajabu. Seva ya maktaba imo chumba cha pili, inawaka, na waya wake ni mzima. Lakini jina "maktaba" haligeuki kuwa namba. Katika Linux, kwa desturi, mashine hungoja jibu sekunde 5, hujaribu mara ya pili, kisha hukata tamaa. Mwanafunzi aliyeketi mbele yake hudhani kuwa vitabu vimepotea. Mistari miwili katika faili ingetosha kumwondolea taabu hiyo.

Hatari za orodha

Orodha hii ina hatari zake. Ya kwanza ni kuchakaa. Seva ya maktaba ikipewa namba mpya na faili lisirekebishwe, mashine itaendelea kwenda kwenye namba ya kale bila kumwuliza mtu, kwa kuwa imekwisha pata jibu. Ya pili ni udanganyifu: mwovu anayeweza kuandika katika faili hilo aweza kumpeleka mtumiaji kwenye kurasa bandia za benki yake. Kwa hiyo kila mtu huruhusiwa kulisoma, lakini msimamizi peke yake ndiye huruhusiwa kuliandika.

Ya tatu ni uchovu. Shule yenye kompyuta 20 italazimika kusahihisha mafaili 20 kila badiliko linapotokea. Ni tatizo lile lile la HOSTS.TXT kwa kipimo kidogo. Dawa yake ni kuweka orodha katika seva moja na kuendesha humo programu ndogo kama dnsmasq, ambayo husoma /etc/hosts na kuwajibu wote. Kompyuta nyingine huelekezwa kuiuliza hiyo. Hivyo mwenyeji wa kuulizwa huwa papo hapo shuleni, hata njia ya nje ikifungwa.

Zoezi kwa wanafunzi

1. Setilaiti iliyo kimo cha kilometa 36,000 hupokea swali na kulirudisha ardhini; jibu nalo hupita njia hiyo hiyo. Mawimbi yakienda kilometa 300,000 kwa sekunde, swali na jibu huchukua muda gani? (Jibu: karibu sekunde 0.48.)

2. Fanya hesabu hiyo kwa waya wa nuru wa kilometa 1,000, ambamo mwendo ni kilometa 200,000 kwa sekunde. (Jibu: sekunde 0.01.)

3. Katika kompyuta ya Linux, kwa idhini ya mwalimu, ongeza jina katika /etc/hosts, kisha andika amri "getent hosts" ikifuatwa na jina hilo. Chomoa waya wa mtandao, rudia amri, na ueleze kwa nini jibu halikubadilika.