Pumu na Adui Asiye na Jina

Juzi mwanafunzi wangu wa uzamili aliniuliza: “Mwalimu, kemikali zinazovuruga homoni tuziiteje kwa Kiswahili?” Nilitabasamu, kisha nikanyamaza. Mwanangu ana pumu. Kwa miaka mingi nimemnunulia dawa ya kuvuta, wala sikuwahi kumwuliza daktari juu ya kitu nisichokuwa na jina lake.

Homoni ni tarishi wa mwili. Hupeleka amri za kukua na kubalehe, na huathiri hata kinga inayotulinda na maradhi. Zipo kemikali zinazomwiga tarishi huyo au kumzibia njia. Maarufu miongoni mwazo ni thaleti, zinazolainisha plastiki na kudumisha manukato, na bisfenoli A, itumiwayo katika plastiki ngumu na utando wa ndani wa mikebe ya chakula.

Huko Uswidi, mwaka wa 2004, watafiti walionyesha uhusiano kati ya thaleti katika vumbi la vyumba vya kulala na pumu ya watoto. Katika jiji la Baltimore, Marekani, ambako pumu huwatesa mno watoto Weusi wa mitaa maskini, wenzao walipima mkojo wa watoto 148 wenye maradhi hayo. Mwaka wa 2020 walieleza kwamba bisfenoli A ilipozidi, dalili nazo zilizidi, hasa kwa wavulana.

Naam, kuandamana si kusababisha. Moshi, vumbi na mende bado ni washtakiwa wakuu, na mtoto asiachishwe dawa yake. Lakini shaka ya haki hudai kuulizwa.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Msomaji, tazama kibandiko cha mafuta ya nywele. Mara nyingi utakuta neno moja tu lenye maana ya manukato. Nyuma ya neno hilo thaleti zaweza kujificha, nawe usijue.

Nilimjibu mwanafunzi wangu: tuziite vivurugahomoni. Walimu, lipelekeni neno hili darasani. Mkipata lililo bora, litupeni langu. Mradi mzazi apate la kumwulizia daktari, na la kumdai mtengenezaji jawabu. Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Mimi nimekaa gizani humo miaka mingi, nikisikiliza kifua cha mwanangu kikilia.