Noti ni Ahadi, na Lupiro ni Mbali

Noti ni karatasi tu mpaka awepo mtu wa kuipokea. Aliyeitoa akiwa karibu na akikubali kuirudisha mkononi mwake, ina nguvu. Akiondoka, nguvu yake inaondoka naye. Bonde la Kilombero lililiona hilo mapema. Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, na kwa kodi hiyo rupia ikaingia hata kwa watu ambao hawakuwa na haja nayo sokoni. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, meli za Waingereza zilifunga bahari na fedha mpya zikawa haziwezi kufika kutoka Ujerumani. Kuanzia 1915 noti zikachapwa humu humu nchini kwa karatasi duni. Mwaka 1916 sarafu za heller 20 zikatengenezwa Tabora. Na mwaka 1917 zikatoka noti za rupia moja zilizogongwa kwa mihuri ya kuchezea watoto. Oktoba mwaka huo Mahenge, kusini mwa Lupiro, kijiji cha bonde hilo, ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji. Aliyebaki na noti zile alikuwa ameshika ahadi ya serikali iliyokwishakimbia.

Baadaye ikaja Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kuendeshwa kutoka London: florini kwanza, kisha shilingi mwaka 1921. Benki Kuu ya Tanzania ilipofungua milango Juni 14, 1966, sasa mtoa noti alikuwa ndani ya nchi.

Hata hivyo, kuwa ndani ya nchi si kuwa karibu. Kati ya Januari 6 na Aprili 5, 2025, Benki Kuu iliondoa noti za zamani kwa kutaka zibadilishwe benki, zikiwemo za elfu kumi na elfu tano zilizotolewa kati ya 1985 na 2003. Wapo watakaosema tangazo lilitolewa miezi kadhaa kabla, kwamba noti chakavu hurahisisha kazi ya waghushi, na kwamba siku hizi watu huweka fedha kwenye simu. Yote ni kweli, na noti hizo zilistahili kuondolewa. Lakini anayeweka akiba ndani kwa noti za zamani ndiye hasa asiyeiweka kwenye simu, mara nyingi mzee. Daraja la Mto Kilombero limepunguza adha ya kivuko, ila kutoka Lupiro kwenda benki Ifakara bado ni nauli na siku nzima. Tena muda huo uliishia mwanzoni mwa masika, mpunga ukiwa bado shambani na mifuko mitupu. Siku 90 zinamtosha mkazi wa Kariakoo. Kwa Lupiro zingepaswa kuvuka mavuno, hadi Julai, na wakala wa benki aje kupokea noti hizo kijijini, siku ya gulio.