Tunda la Mbuyu Lina Nini Ndani Yake?

Kiangazi hiki alifika zahanati yetu mama mmoja, mjamzito wa miezi sita. Alilalamika kuwa akipanda kilima na ndoo ya maji, moyo unamwenda mbio na macho yanaona giza. Nilipomfunua kope, ndani palikuwa peupe badala ya pekundu. Alikuwa amepungukiwa damu.

Nilimwuliza anakula nini. Akajibu, "Ugali, maharage na mchicha, mganga. Nikimaliza kula nakunywa chai ya rangi." Je, matunda? Akacheka, "Matunda ya wapi kiangazi hiki?" Kumbe nyuma ya nyumba yake umesimama mbuyu, na mabuyu yananing'inia tele!

Tulitazame tunda hili. Buyu lina gamba gumu kama ubao, na juu yake kuna manyoya laini. Ukilipasua utakuta ubuyu, yaani unga mweupe ulioshikamana na mbegu. Unga huo hukaukia humo humo ndani ya gamba. Katika gramu 100 za chungwa, maji ni kama gramu 87. Katika gramu 100 za ubuyu, maji ni kama gramu 10 tu. Ukungu hauoti pakavu hivyo. Ndiyo sababu buyu zima hukaa miezi mingi bila kuoza, wakati maembe yamekwisha zamani.

Je, ukali wake unatoka wapi? Unatokana na asidi, ikiwamo ile iliyomo katika limau. Ndani yake kuna pia Vitamini C nyingi. Gramu 100 za chungwa zina kama miligramu 50. Gramu 100 za ubuyu mara nyingi huwa na miligramu 150 au zaidi, ingawa mabuyu ya mti mmoja hayalingani na ya mti mwingine.

Vitamini C inahusianaje na damu? Mwili hutengeneza damu kwa kutumia madini ya chuma. Chuma cha maharage na mchicha hakiingii mwilini kwa urahisi. Vitamini C ikiliwa katika mlo huo huo, hukifungulia mlango. Chai ya rangi hukifungia. Mama yule alikuwa anakula chuma, kisha anakifukuza kwa kikombe cha chai!

Basi, ndugu msomaji, fanya hivi:

1. Usichemshe ubuyu. Moto huharibu Vitamini C. Chemsha maji, yaache yapoe, ndipo uloweke ubuyu, ukoroge na kuchuja. Kama ni uji, uepue kwanza, upoe kidogo, kisha utie ubuyu.

2. Kunywa maji ya ubuyu pamoja na chakula, siku hiyo hiyo uliyoyatengeneza. Chai ingoje saa moja au mbili.

3. Tumia chombo cha udongo au cha plastiki kilicho safi. Usilaze maji ya ubuyu katika sufuria ya alumini, maana asidi hula sufuria.

4. Hifadhi mabuyu yakiwa mazima. Ukishayapasua, weka ubuyu katika chombo kikavu chenye kifuniko. Ukiota ukungu, utupe.

5. Watoto wadogo wasipewe ubuyu wenye mbegu. Mbegu zinaweza kuwakaba.

6. Ubuyu wa kupikwa kwa sukari na rangi ni peremende. Huozesha meno.

Lakini sikilizeni vizuri: ubuyu ni chakula, si dawa ya kumaliza upungufu wa damu. Damu hupungua pia kwa malaria, kwa safura na kwa kuzaa mfululizo. Mama yule nilimpima malaria, nikampa vidonge vya kuongeza damu, na nikamweleza habari ya mbuyu wake. Angebaki nyumbani na ubuyu peke yake, angeweza kupoteza maisha wakati wa kujifungua.

Akina baba, nanyi mnahusika. Mke wako akilalamika kuchoka na kizunguzungu, usiseme ni uvivu. Mpeleke zahanati mapema. Ukirudi nyumbani, chukua upondo, uangue mabuyu.