Mageuko ya binadamu hayajakoma, damu ya Wakenya yaonyesha

KILA mwaka wanafunzi wengi hupelekwa katika Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, kutazama mifupa ya watu wa kale. Kivutio kikubwa ni yule mvulana wa Turkana, ambaye mabaki yake yaligunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka wa 1984, na ambaye inakadiriwa aliishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Wengi hutoka pale wakiamini kwamba mageuko ya binadamu ni hadithi iliyokwisha. Tulikuwa vile, tukawa hivi, basi.

Je, imekwisha kweli? Wataalamu wanaochunguza jeni, yaani maagizo ya urithi ambayo mtoto hupokea kutoka kwa baba na mama, wanasema la. Na ushahidi wao ulio thabiti zaidi haumo katika mawe ya Turkana. Umo katika damu ya watoto wa Kilifi, Siaya na Homa Bay. Jambo hili linawahusu pia vijana walio jijini, hasa wale wanaopanga harusi, kama tutakavyoona.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Mageuko hayamaanishi kwamba mtu hujibadilisha apendavyo, wala kwamba kizazi kipya ni bora kuliko cha babu zetu. Maana yake ni kwamba, kizazi baada ya kizazi, jeni fulani huzidi kuenea kwa sababu wenye jeni hiyo huishi na kupata watoto kuliko wasio nayo. Kinachoamua ni nani anayefikia umri wa kuzaa, na nani anayezikwa akiwa mtoto. (Najua wapo wasomaji wanaokerwa na habari za Darwin. Sitaingia katika ubishi huo hapa. Ninayosimulia yamehesabiwa hospitalini.)

Mtu wa kwanza kuyahesabu alikuwa Anthony Allison, daktari aliyekulia humu nchini. Mwaka wa 1949 alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja Mlima Kenya, akazunguka akipima damu ya watu wa makabila mbalimbali. Alikuwa akitafuta, miongoni mwa mambo mengine, chembe nyekundu za damu zinazojipinda kama mundu. Aligundua jambo la ajabu. Kandokando ya Ziwa Victoria na huko Pwani, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walikuwa na hali hiyo. Katika nyanda za juu zenye baridi, hawakufika hata mmoja kati ya 100.

Allison alijiuliza: ikiwa jeni hii huleta ugonjwa unaoua watoto, mbona haijatoweka? Jibu lilikuwa mbu. Ramani ya jeni ile ililingana na ramani ya malaria. Mwaka wa 1954 alichapisha matokeo yake, na hadi leo hutajwa kote ulimwenguni kuwa mfano wa kwanza ulio wazi wa mageuko yakitenda kazi kwa binadamu.

Hivi ndivyo ilivyo. Kila mtu hupokea jeni mbili za himoglobini, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye mbili za kawaida huitwa AA. Mwenye moja ya kawaida na moja ya mundu ni AS, naye kwa kawaida haugui, na huenda akaishi hadi uzeeni bila kujua. Mwenye mbili za mundu ni SS, na huyu ndiye mgonjwa wa selimundu: chembe zake hukwama katika mishipa midogo, hupata maumivu makali ya mifupa, hupungukiwa na damu, na maradhi mengine humshambulia kwa urahisi. Bila matibabu, inakadiriwa kuwa zaidi ya nusu ya watoto hao katika Afrika hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano.

Sasa tazama faida ya yule wa AS. Kimelea cha malaria kinapoingia katika chembe yake ya damu hakistawi vyema, na chembe yenyewe huondolewa mapema na wengu. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba watoto wa AS wanakingwa kwa takriban asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida, na kwa karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali, ile inayoua. Kabla ya kuwako dawa na vyandarua, kinga kama hiyo ilikuwa tofauti kati ya boma lenye watoto na boma lililo tupu. Ndiyo maana jeni hii, ambayo umri wake unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 7,000, ilienea ingawa gharama yake ni kubwa.

Si jeni hii peke yake. Huko huko Kilifi, karibu mtu mmoja kati ya kumi ana aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo ni adimu sana kwingineko duniani. Mwaka wa 2020 watafiti walieleza kwamba ngozi ya chembe za damu hiyo imekazika zaidi, kama ngoma iliyowambwa, hivi kwamba kimelea hushindwa kupenya.

Lakini asidhani mwenye AS kwamba amepona malaria. Kimelea nacho kinageuka, tena kwa kasi kuliko sisi, kwa kuwa vizazi vyake huhesabiwa kwa siku. Tumeyaona hayo katika dawa. Chloroquine, iliyokuwa tegemeo la kila nyumba, ilishindwa, na Kenya ikaacha kuitegemea mwaka wa 1998. Na utafiti uliohusisha wagonjwa wa Kenya na Gambia, uliotangazwa mwishoni mwa 2021, ulionyesha kwamba kuna vimelea vyenye mabadiliko fulani ya jeni ambavyo huweza kumpata hata mtoto mwenye jeni ya mundu. Kwa hivyo kila mtu alale ndani ya chandarua, awe AA au AS.

Dawa zimekomesha mageuko?

Wapo wanaosema kwamba tangu tupate chanjo, viuavijasumu na upasuaji wa uzazi, mageuko yamesimama, kwani hata dhaifu huishi. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Tiba haiyasimamishi mageuko, bali hubadilisha ni jeni ipi inayofaa na ipi isiyofaa. Mahali ambapo malaria imepungua, AS hapati faida yoyote juu ya mwenzake wa AA, lakini hatari ya kuzaa mtoto wa SS iko pale pale. Jeni hupoteza faida na kubaki na hasara. Hata hivyo haitatoweka leo wala kesho, maana sehemu kubwa yake imejificha ndani ya watu wa AS walio na afya njema.

Jambo kama hilo limeonekana kwa Waturkana wa leo, mbali sana na yule mvulana wa makavazi. Wafugaji wa sehemu zetu walianza kunywa maziwa wakiwa watu wazima maelfu machache ya miaka iliyopita, na jeni ya kuyasaga maziwa hayo tumboni ikaenea miongoni mwao. Lakini ukame nao uliwachuja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2025, ambao wataalamu wa Kenya walishirikiana na wa Marekani, uliitaja jeni iitwayo STC1, ambayo husaidia figo kuhifadhi maji. Huenda pia inawakinga na madhara ya kula nyama, damu na maziwa kwa wingi, kwani vyakula vya mifugo ndivyo sehemu kubwa ya mlo wao wa asili. Wengi waliopimwa walikuwa na upungufu wa maji mwilini, na bado walikuwa na afya nzuri.

Hali hubadilika wakihamia mjini. Utafiti wa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba Waturkana wanaoishi mijini wana uzani mkubwa zaidi na dalili nyingi zaidi za hatari ya maradhi ya moyo na kisukari kuliko wenzao wanaochunga mifugo. Mwili uliotengenezwa kwa maelfu ya miaka ili usipoteze kitu umeketishwa mbele ya chipsi na soda. Nani atashangaa? Mageuko huenda kwa mwendo wa vizazi, ilhali basi la kutoka Lodwar hufika mjini kwa siku moja.

Wachumba na kipimo cha damu

Tuwarudie sasa wale wanaopanga harusi. Nairobi iko juu, na malaria si tisho kubwa hapa, lakini wakazi wake wametoka kote nchini wakiwa na damu ya wazee wao. Mvulana wa asili ya Busia na msichana wa asili ya Kwale wanaweza wote kuwa AS bila habari. Wakioana, katika kila mimba kuna uwezekano wa moja kati ya nne kwamba mtoto atakuwa SS. Kila mimba huanza hesabu upya. Kuzaa watatu wazima hakumaanishi kwamba wa nne ndiye atakayeugua, wala kuzaa mgonjwa hakuwakingi wanaofuata. Inasikitisha kwamba katika familia nyingi mama ndiye hulaumiwa, au jirani akatuhumiwa kwa uchawi, hali mtoto hawezi kuwa SS bila kupokea jeni moja kutoka kwa baba.

Kipimo cha kujua kama mtu ni AA, AS au SS ni cha damu kidogo tu, na hufanywa mara moja maishani kwa kuwa jibu halibadiliki. Wachumba wakikuta wote ni AS, uamuzi ni wao. Wengine huachana, wengine huoana wakijua kwamba mtoto atapaswa kupimwa anapozaliwa. Anayegunduliwa mapema huanzishiwa penisilini na chanjo kabla maradhi hayajamvamia. Kuna pia haidroksiyurea, dawa ambayo majaribio yaliyofanywa Kilifi na katika nchi nyingine tatu za Afrika, na kutangazwa mwaka wa 2019, yalionyesha kwamba hupunguza maumivu, malaria na vifo.

Watoto hao sasa wanakua na kuoa. Mtu wa SS humpa kila mtoto wake jeni moja ya mundu, hana nyingine ya kumpa. Mwenzake akiwa AA, watoto wao wote watakuwa AS, na hakuna hata mmoja atakayeugua selimundu.