Beto ingali na maji ndani? Usipake akriliki kwanza

Mwaka wa 2024, Ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia mu nyumba nyingi za Kalemie. Ukuta uliokunywa maji vile haukauki upesi. Kwa hiyo, wewe wa Zongwe unayetaka kununua rangi ya akriliki ya kuzuia maji, soma hii mbele ya kutoa pesa.

Akriliki ikikauka inabaki kama ngozi juu ya beto. Mvua ikiipiga, maji hayapiti. Lakini maji yakitoka chini ya msingi ao nyuma ya ukuta, yanaisukuma ile ngozi: inavimba sawa malengelenge, kisha inabanduka.

Jipimie mwenyewe. Kata plastiki ya sentimita 45 kila upande, ibandike ku beto na skochi pande zote ine, iache saa 16 ao zaidi. Ukikuta matone chini yake, ao beto imegeuka rangi, ungojee.

Kwanza chimba mufereji ili maji ya mvua yaende mbali na msingi. Ziba mipasuko, kwangua ile chumvi nyeupe, fungua madirisha hewa ipite. Beto mupya inangojewa siku 28. Kazi hii ni ya kiangazi, Juni mpaka Agosti. Paka mara mbili, nyembamba. Ya pili wakati ya kwanza imekauka.

Kuna makopo yenye kuandikwa kwamba yanakubali beto yenye unyevu. Maana yake ni unyevu kidogo wa juu, hapana ukuta wenye kutoa maji.