Elektroliti za Polima na Usalama wa Betri za Lithiamu

Betri ya ioni za lithiamu, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991, ilikuwa na elektrodi hasi ya kaboni na elektrodi chanya ya oksidi ya kobalti na lithiamu. Kati ya hizo mbili huwekwa elektroliti, yaani dutu inayoziruhusu ioni kupita lakini inazizuia elektroni, ili elektroni hizo zilazimike kupitia waya wa nje na kutoa kazi. Elektroliti ya kawaida ni chumvi ya lithiamu iliyoyeyushwa katika vimiminiko vinavyoshika moto upesi. Utando unaotenga elektrodi ukitoboka, shoti hutokea, joto hupanda, kimiminiko hugeuka mvuke, na mvuke huo huwaka. Udhaifu wa chombo chote, basi, umo katika kile kimiminiko.

Hatari huzidi pale elektrodi hasi inapokuwa lithiamu tupu. Metali hiyo hubeba chaji takriban mara kumi ya ile ya grafiti yenye uzito uleule, kwa hiyo wahandisi huitamani. Hata hivyo, kila betri inapochajiwa, lithiamu hairudi mahali pake kwa usawa, bali huota vijisindano ambavyo mwishowe huvuka hadi upande wa pili. Mwaka 1989 betri za namna hiyo za kampuni ya Moli Energy ya Kanada ziliondolewa sokoni baada ya simu kuwaka moto huko Japani.

Njia mojawapo ya kuepa balaa hilo ni kukiondoa kimiminiko kabisa. Mwaka 1973, Peter Wright na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba oksidi ya poliethilini, plastiki inayojulikana kwa kifupi PEO, huweza kupokea chumvi za metali kama vile maji yanavyopokea chumvi ya kupikia. Miaka mitano baadaye, Michel Armand wa Grenoble, Ufaransa, alipendekeza mchanganyiko huo utumiwe kama elektroliti ya betri.

Utendaji wake hauna budi kufafanuliwa. Mnyororo wa PEO una atomu ya oksijeni baada ya kila atomu mbili za kaboni, na oksijeni hizo huizunguka ioni ya lithiamu na kuishikilia. Mnyororo ungetulia, ioni ingebaki kifungoni. Lakini vipande vya mnyororo hutikisika daima, na kwa mtikisiko huo ioni hutoka oksijeni hii ikapokewa na ile, mfano wa ndoo ya maji inayopokezanwa na watu waliojipanga mbele ya nyumba inayoungua. Chini ya nyuzi 60 hivi za Selsiasi, sehemu kubwa ya PEO hujipanga kuwa fuwele. Mtikisiko hupungua, na ioni hupita kwa shida mara elfu moja au zaidi kuliko katika kimiminiko.

Hapa ndipo penye kitendawili cha fani hii: ulaini ndio unaozipa ioni mwendo, na ugumu ndio unaovizuia vijisindano. Mwaka 1998 kundi la Bruno Scrosati huko Roma lilichanganya PEO na unga laini mno wa kauri, likapata upitishaji bora bila kuongeza kimiminiko. Wengine walichagua jeli. Betri nyingi za simu zinazoitwa «za polima» zina kimiminiko kilekile, kilichofyonzwa tu kama maji katika sifongo; jina lao huahidi usalama ambao haumo.

Betri za polima yabisi ziliingia barabarani kwa wingi mjini Paris, katika magari ya kukodi ya Autolib', kuanzia mwaka 2011 hadi 2018. Zilitengenezwa na kundi la Bolloré, na zilipaswa kuwekwa katika joto hata gari lilipoegeshwa. Mwezi wa Aprili 2022, mabasi mawili ya kundi hilohilo yenye betri za aina hiyo yaliungua mjini humo, bila mtu kuumia, na shirika la usafiri RATP likayasimamisha mabasi 149. PEO haimwagiki wala haitoi mvuke kirahisi, lakini ni dutu ya kaboni, nayo huungua; lithiamu nayo huyeyuka kwenye nyuzi 180. Neno «salama zaidi» lisisomwe kuwa «salama kabisa».

Kwa Kongo, jambo hili lina upande wake. PEO huanza kuharibika volti zinapokaribia 4, ilhali elektrodi ya kobalti huchajiwa kupita hapo. Kwa sababu hiyo betri za Bolloré zilitumia fosfeti ya chuma na lithiamu, yenye volti 3.4 hivi, isiyo na kobalti hata chembe. Polima itakayostahimili volti za juu itaihitaji kobalti ya Kolwezi. Ile isiyostahimili itahitaji lithiamu tu, ambayo imelala ardhini huko Manono.