Minyoo Inazuia Pumu? Usiache Dawa kwa Sababu Hiyo

Juzi hapa Kilindoni mkulima mmoja wa korosho kaniambia: "Bwana shamba, dawa ya minyoo siitaki tena. Eti minyoo inazuia pumu."

Neno hilo lina asili yake. Ili iishi mwilini miaka, minyoo hupoza kinga ya mwili isiishambulie. Kinga iliyopozwa huenda isihangaike na vumbi au chavua, vitu vinavyoamsha mzio na pumu. Kule Entebbe, Uganda, watoto wa wajawazito waliopewa albendazole walipata ukurutu zaidi kuliko wa wenzao.

Lakini sikia na hili. Visiwani Koome, Ziwa Victoria, vijiji 26 vya wavuvi viligawanywa: vingine dawa kila miezi 3, vingine kwa ratiba ya kawaida. Baada ya miaka 3, waliomeza mara nyingi hawakuzidi wenzao kwa kifua kubana na kutoa mlio.

Sasa piga hesabu kama mfanyabiashara. Faida haijathibitika, hasara iko wazi: safura inanyonya damu, na mtu aliyepungukiwa damu hamalizi palizi. Tena inapenya kwenye ngozi ya mguu, na sisi chini ya minazi tunatembea peku!

Kwa hiyo:
- Vaa buti.
- Vibarua wawe na choo shambani.
- Kinga tiba ikija, meza. Mjamzito aulize kliniki kwanza.
- Mwenye pumu afuate dawa za daktari, asitegemee minyoo.